Fundi Baiskeli Asiyepanda Baiskeli

Nilipomwambia shangazi yangu wa Kahama kwamba nakwenda Ufaransa mapumzikoni, alishangilia kwenye simu mpaka nikasogeza sikio. Nilipoongeza kwamba huko nitakuwa naendesha baiskeli siku saba mfululizo, akanyamaza. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama nauli yangu imeishia uwanja wa ndege.

"Mwanangu, hapa tuliuza baiskeli ya marehemu babu yako ili wewe usome. Sasa umesoma, unapanda ndege kwenda kutafuta baiskeli?"

Jamani, hapo unamjibu nini mtu mzima? Na ukweli uko upande wake. Kwetu Usukumani baiskeli si mchezo wala mapumziko. Ndiyo inayobeba pamba, maji, gunia la mahindi, mgonjwa wa kupelekwa zahanati na hata bibi harusi. Shinyanga mjini, baiskeli ya abiria tuliiita daladala bila kuona ajabu yoyote. Wenzetu Wakenya nao boda boda yao ilianza kwa baiskeli kule Busia, zikivusha watu na mizigo mpakani kabla pikipiki hazijaja kuchukua jina na biashara yote. Sasa mtu akikuambia anapanda baiskeli kilomita 240 bila mzigo, bila abiria, na hakuna anayemlipa hata senti, ni haki yako kumtazama mara mbili. Hata afisa aliyepokea maombi yangu ya viza alinitazama mara mbili. Alisoma pale nilipoandika sababu ya safari, akaniangalia miguu, akaendelea kugonga muhuri.

Tulikuwa wanne. Wenzangu wamekubali niandike safari hii kwa sharti kwamba majina yao nisiyataje, kwa hiyo nitawaita tunavyoitana wenyewe. Kwanza Fundi, Mtanzania mwenzangu, mtu wa Mkuranga, ambaye ameishi Toulouse miaka mingi na kazi yake ni kutengeneza baiskeli. Pili mkewe, Mfaransa aliyejifunza Kiswahili alipokuwa akifanya kazi Iringa. Huyo kwangu ni Shemeji, na nikimwita kwa jina lake haitiki. Tatu Mwalimu, Mmombasa anayefundisha Kiswahili huko huko Ulaya, mtu mwenye maneno mengi na pumzi kidogo. Wa nne ni mimi.

Sasa sikia jambo ambalo ni lazima nilitangulize, vinginevyo haya mengine yote utayasoma kama habari za watalii. Fundi hapandi baiskeli. Anazitengeneza, tena vizuri mno. Akishamaliza anaining'iniza, anazungusha gurudumu, anainamisha kichwa na kusikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Lakini kutoka nayo nje kuijaribu ni kazi ya mwenzake. Miaka yote niliyomfahamu nilidhani ni madaha ya ufundi, hadi aliponieleza.

Baba yake alikuwa mchuuzi wa mkaa. Alikuwa akipakia magunia matatu kwenye Phoenix, anaondoka Mkuranga usiku ili alfajiri awe Mbagala, kwa Barabara ya Kilwa. Kama umewahi kupita barabara hiyo alfajiri unawajua watu hao: wameinama, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia, kilimani wanasukuma, mteremkoni wanamwomba Mungu. Mwaka 1998 lori lilimgonga kwa nyuma. Fundi alikuwa na miaka 14. Majirani waliileta baiskeli nyumbani kabla hawajaleta habari kamili, gurudumu la mbele limekunjika kama chapati. Baada ya matanga hakuna aliyejua la kuifanyia. Kijana akalichukua gurudumu lile, akakaa nalo chini ya mwembe wiki nzima, akaanza kulinyoosha. Hivyo ndivyo alivyoanza ufundi. Na tangu siku hiyo hakupanda tena.

Shemeji amekuwa akimwomba miaka 9 ya ndoa waendeshe pamoja. Kwao Ufaransa, mke na mume kuendesha baiskeli Jumapili ni kama kwetu kwenda kusalimia wakwe. Hakuwahi kumlazimisha. Safari hii alikuja na hoja moja tu: iko njia ya kutoka pale pale Toulouse mpaka baharini ambayo karibu yote haina gari. Fundi akaifikiria miezi miwili, akakubali kwa masharti matatu. Yeye awe wa mwisho kwenye mstari. Asiulizwe ulizwe anajisikiaje. Na tusiingie barabara kuu.

Njia yenyewe ni kingo za Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 unaotoka Toulouse hadi karibu na mji wa Sète, kwenye Bahari ya Mediterania. Nisikuchoshe na historia, ila hii kidogo ni tamu. Aliyeubuni, Pierre-Paul Riquet, hakuwa mhandisi. Alikuwa mkusanya kodi ya chumvi. Mwaka 1666 mfalme Louis wa 14 alitoa idhini, na watu wapatao 12,000 wakachimba kwa sururu na vikapu, wanawake kwa wanaume. Tatizo halikuwa kuchimba bali maji. Mfereji unaovuka kilima unahitaji kulishwa maji pale juu kabisa, la sivyo yote yanamwagikia pande mbili na katikati panabaki pakavu. Riquet alikwenda milimani, akavikusanya vijito, akavileta mpaka Naurouze, mahali penye mita 189 juu ya usawa wa bahari ambapo mvua ikinyesha upande huu inakwenda Atlantiki na upande ule inakwenda Mediterania. Alitumia na mali yake mwenyewe, akafa Oktoba 1680 akiwa na madeni. Mfereji ulifunguliwa Mei 1681. Miezi saba tu!

Tuliondoka Toulouse Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024. Kilomita 50 za mwanzo ni lami safi, kivuli juu, maji ya kijani pembeni, na bata wasio na haraka. Shemeji mbele, mimi, Mwalimu, halafu Fundi. Nakiri niligeuka nyuma mara nyingi kuliko nilivyopaswa. Alikuwa ameushika usukani kama mtu anayebeba sinia la vikombe vya chai. Kila boti ilipopita mfereji alifunga breki. Boti, jamani, iko majini! Lakini masharti ni masharti, hatukusema kitu. Baada ya Naurouze, akaanza kupiga mluzi. Mwalimu akataka kugeuka aseme neno, nikamwonya kwa macho.

Castelnaudary ndipo tulipolala. Mji huu unajivunia cassoulet, maharage yaliyopikwa taratibu kwenye chungu pamoja na bata na nguruwe. Mwalimu, ambaye ni Mwislamu na alikuwa ameota maharage tangu mchana, alimwuliza mpishi kama nguruwe anaweza kuondolewa. Mpishi akamtazama kwa huruma kama mtu aliyeomba wali usio na mchele. Akala mayai. "Wajua," alituambia, "kwetu Mombasa haya maharage yangetiwa nazi na kila mtu angekula."

Siku ya pili lami ilikuwa imekwisha. Njia ni udongo, mawe, na mizizi. Mizizi ndiyo hasa. Kandokando ya mfereji huu ilipandwa miti ya platane ipatayo 42,000, mingi yake katika karne ya 19, na mizizi yake imeinua njia kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Unapita juu yake meno yanagongana. Halafu ghafla unatoka kivulini unaingia kwenye jua tupu: miti imekatwa yote. Kuna ugonjwa wa kuvu unaoiua, na inasemekana uliingia Ufaransa kwenye masanduku ya mbao ya risasi ya jeshi la Marekani wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Kwenye mfereji huu uligunduliwa mwaka 2006, na tangu hapo maelfu kwa maelfu ya miti imekatwa na kuchomwa moto ili usienee zaidi. Wanapanda mingine ya aina tofauti, lakini ile tuliyoiona bado ni midogo, imefungwa vijiti kama watoto waliovunjika miguu.

Hapo kwenye jua Fundi ndiye aliyekuwa bora kuliko sisi sote. Mtu aliyetengeneza magurudumu elfu anajua gurudumu linataka nini. Alipita mizizi ile kwa kuinuka kidogo kwenye kiti na kulegeza viwiko, wakati mimi niliyependa kujiita mwendeshaji nilikuwa nasalimiana na kila jiwe.

Jumapili tulipumzika Carcassonne, kwenye ngome kubwa ambayo Mwalimu aliilinganisha na Fort Jesus kwa muda wa saa nzima, na Fort Jesus ikashinda. Siku hiyo, tarehe 30 Juni, Wafaransa walikuwa wakipiga kura ya bunge, duru ya kwanza. Shemeji alikuwa amemwachia mama yake idhini ya kumpigia kura Toulouse, sheria yao inaruhusu. Usiku matokeo yakaonyesha chama cha mrengo mkali wa kulia, kile kinachotaka wageni wapungue, kimeongoza nchi nzima kwa theluthi moja ya kura pamoja na washirika wake, na katika mkoa wa Aude, yaani hapo hapo tulipokuwa tumekaa tukila aiskrimu, kilikuwa na nguvu kubwa zaidi. Majimbo yote 3 ya mkoa huo yalikuwa mikononi mwake tangu 2022, na yalibaki hivyo.

"Basi kesho tuendeshe kwa kasi," Mwalimu akasema. Tulicheka, lakini Shemeji hakucheka.

Nataka niwe mkweli kuhusu hili, maana ningeweza kuwapikia kisa. Hakuna aliyetufanyia ubaya njiani. Kila tuliyepishana naye alitusalimia. Mzee mmoja anayevua samaki karibu na Trèbes aliuliza tumetoka wapi. Mimi nikajiandaa kumweleza Tanzania iko wapi. Fundi akajibu, "Toulouse." Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, "Loo, mbali!" Basi. Lakini nilikuwa nikimtazama kila mtu nikijiuliza jana aliweka tiki wapi, na hiyo nayo ni mzigo, hata kama haiko kwenye karia.

Jumatatu tarehe 1 Julai tuliingia Homps, kijiji kidogo chenye bandari ya boti na mashamba ya zabibu pande zote. Mkahawa ulikuwa umejaa. Ufaransa ilikuwa icheze na Ubelgiji saa kumi na mbili jioni kwenye Kombe la Ulaya, watu wamejipaka rangi tatu mashavuni. Ila mpira haujaanza, na runinga ilikuwa kwenye Tour de France. Siku hiyo ilikuwa hatua ya tatu, ndefu kuliko zote mwaka ule: Piacenza hadi Turin, kilomita 230 na kidogo. Nikapiga hesabu kwenye kitambaa cha meza. Hawa watu wanamaliza kwa saa tano na nusu umbali ambao sisi tumeupangia siku saba pamoja na aiskrimu.

Fundi hukumwambia kitu. Ni mtu ambaye hapandi baiskeli lakini hajakosa Tour hata mwaka mmoja. Alikuwa akitueleza nani anamvutia nani, nani anajificha upepo nyuma ya mgongo wa nani. Zilipobaki kilomita mbili na ushee kukatokea ajali, kundi likakatika. Kisha wale wa mbele wakaanza kufyatuka. Na upande wa kulia, kandokando ya uzio, akatokea mtu mweusi.

Fundi akasimama. "Bini," akasema kwa sauti ndogo. "Bini. Bini. BINI!"

Biniam Girmay, kijana wa Asmara, Eritrea, aliyezaliwa mwaka 2000. Alishinda. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1903. Miaka 121! Sijui kama watu wote mle mkahawani walielewa kilichotokea, lakini walituona sisi: Fundi analia, mimi nampiga mgongo, Mwalimu yuko juu ya kiti. Basi wakatupongeza kana kwamba tumeshinda sisi. Bwana mmoja mwenye bendera shavuni alikuja kunishika mkono, akasema bravo. Nikapokea pongezi kwa niaba ya Eritrea.

Mwalimu, kwa kuwa hawezi kukaa kimya, akaanzisha ubishi wa Chris Froome. Kwamba alizaliwa Nairobi, akajifunza mbio Kenya, akashinda Tour mara 4, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, kwa hiyo Wakenya ndio walitangulia. Fundi akamwambia ameshinda kwa bendera ya Uingereza. Mwalimu akasema baiskeli haina bendera. Wakaendelea hivyo mpaka mwenye mkahawa akahamisha runinga kwenye mpira. (Ufaransa ilishinda 1-0, Mbelgiji alijifunga dakika za mwisho.) Kwa taarifa yako, Girmay alishinda hatua nyingine mbili mwaka ule na akaingia mwisho wa mashindano na jezi ya kijani. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Lakini siku ile Homps hatukuyajua hayo. Tulichojua ni kwamba gurudumu la nyuma la Mwalimu lilikuwa limekaa vibaya.

Asubuhi tukaona sababu. Tairi lilikuwa limechanika ubavuni, mzizi umelikata, tyubu inachungulia kama ulimi. Kiraka hakisaidii hapo. Baiskeli ya Mwalimu ni ya zamani, kipimo cha tairi zake hakipatikani kila duka. Mji wenye duka la baiskeli uliokuwa karibu ni Lézignan, kilomita 10 hivi kusini, na kwenda huko ni kwa barabara. Barabara ya kweli, nyembamba, yenye malori yanayopeleka mvinyo. Shemeji alipiga simu kutafuta teksi, akaambiwa mpaka jioni.

Nikasema nitakwenda mimi. Fundi akachukua kalamu akaniandikia kipimo kwenye karatasi, na chini yake kipimo cha pili kama cha kwanza kitakosekana, na chini yake maneno ya Kifaransa ya kumwambia muuzaji. Nikaitia mfukoni. Nikavaa helmeti. Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye pedali nilipomsikia anatoa baiskeli yake. Shemeji alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa. Hakusema neno. Fundi naye hakumtazama.

Nilimwambia jambo moja tu, kwamba mimi nitakaa nyuma. Sauti ya lori inifikie mimi kwanza.

Msomaji wangu, nimeendesha gari Dar es Salaam saa za foleni, nimepanda Hiace zilizofungwa kwa kamba, lakini kilomita 10 zile sitazisahau. Sheria ya Ufaransa inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli nje ya mji aache nafasi ya mita moja na nusu. Wengi wanaacha. Lakini hata mita tatu hazitoshi kwa mtu anayesikia alichokuwa anakisikia Fundi. Kila lori liliponguruma nyuma, yeye alikuwa ameshashuka kabla sijasema kitu, amesimama kwenye majani nje ya lami, mikono yote miwili kwenye usukani, macho chini. Lori linapita, upepo wake unatusukuma, zabibu zinatikisika. Anangoja. Anapanda tena. Nilihesabu, si kwa ubaya, ni mazoea ya kazi. Alishuka mara 11. Tulitumia zaidi ya saa nzima kwa umbali ambao mtoto wa shule angeumaliza kwa dakika 40.

Safari ya tisa au ya kumi akaniuliza bila kugeuka, "Unajua kwa nini hakulisikia?"

Nikasema sijui.

"Magunia. Yakiwa matatu yanapanda juu ya kichwa. Husikii nyuma."

Tukaendelea.

Dukani walikuwa na kipimo cha pili. Fundi alilikagua lile tairi, akalikunja, akalinusa (sijui mafundi wananusa nini), akanunua na tyubu mbili. Wakati wa kurudi malori yalikuwa mengi zaidi, ni saa za mchana. Alishuka mara 4. Sikumwambia kwamba nimehesabu, atajua akisoma hapa. Tulipofika Homps alikwenda moja kwa moja kwa gurudumu la Mwalimu, akaligeuza, akalifunga tairi, akalizungusha na kulisikiliza. Shemeji akamletea maji. Akanywa yote bila kupumua, kisha akamrudishia bilauri huku ameushika mkono wake, na mimi nikakumbuka kwamba nina barua pepe za kusoma.

Siku zilizobaki zilikuwa nyepesi, nazipita haraka. Karibu na Béziers mfereji unapita chini ya kilima, handaki la Malpas, mita 165 hivi, ambalo wataalamu wa mfalme walisema haliwezekani na Riquet akalichimba wakibisha. Béziers kuna malango ya Fonserannes. Kwa asiyejua, lango la maji ni chumba chenye milango mbele na nyuma: boti inaingia, maji yanajazwa au kupunguzwa, inapanda au kushuka kama lifti. Pale vyumba hivyo viko 8 vilivyofuatana kama ngazi, tofauti ya zaidi ya mita 21 kutoka juu hadi chini. Tulikaa saa mbili tukitazama watalii wa Kijerumani wakigombana juu ya kamba. Burudani ya bure.

Siku ya saba, Alhamisi, mfereji ukaishia kwenye taa ndogo ya mabaharia huko Marseillan, hapo maji yanamwagikia ziwa la chumvi wanakofuga chaza. Kutoka hapo hadi Sète ni ukanda mwembamba wa mchanga, kilomita 12 hivi, ziwa kushoto, bahari kulia, na njia ya baiskeli peke yake. Upepo ulikuwa wa nyuma. Fundi alitupita. Hakuomba njia, alitupita tu, na Shemeji akamfuata, sisi wawili tukaachwa na pumzi ya Mwalimu.

Tuliwakuta Sète wameshaagiza chakula. Mji huo una kipai cha mviringo kinaitwa tielle, ndani yake pweza kwenye mchuzi wa nyanya wenye pilipili, kililetwa na wahamiaji wavuvi kutoka Italia. Mwalimu alikiuma, akafumba macho. Siku saba za mayai zikaisha. Akala vinne.

Tulirudi Toulouse kwa treni, baiskeli zimening'inizwa. Fundi sasa anakwenda kazini kwa baiskeli, kwa njia ya mferejini. Barabara kuu bado haitaki, na sidhani kama kuna ulazima wowote wa kuitaka.

Septemba ya mwaka ule nilikuwa nimeshazoea tena vumbi la Dar aliponipigia na kunitaka nimfanyie kazi moja. Ile Phoenix ya baba yake bado iko Mkuranga. Mdogo wake anabebea maji. Aliniomba niende nikaipige picha gurudumu la mbele. Nikaenda Jumamosi, mama yake akanipikia mihogo, baiskeli ikatolewa. Spoki 32, mbili kati yake ni nene kuliko nyingine, za rangi ya kutu. Nikatuma picha.

"Hizo mbili niliazima kwa jirani," akaandika. "Bado zinakaza? Zigonge na kijiko unirekodie sauti."

Nikaazima kijiko kwa mama. Nikazigonga zote mbili, tin, tan, nikatuma. Ikapita dakika moja.

"Ya pili imelegea. Mwambie mdogo wangu aikaze nusu mzunguko."

Mdogo wake alikuwa ameshakwenda ndani kutafuta spana.